UKIOMBA SERIKALI IKUPANGIE BEI, JIANDAE KUKOSA MZIGO



Leo tuweke pembeni kidogo mambo ya daftari la madeni na namna ya kupanga bidhaa dukani. Kuna kauli naisikia kila sukari, mchele au mafuta ya kula yakipanda. Mteja anaisema, na cha kushangaza hata sisi wenye maduka tunaisema: "Serikali iingilie kati. Ipange bei, na atakayezidisha akamatwe."

Kauli hii inasikika vizuri, na anayeisema mara nyingi ana uchungu wa kweli. Lakini mimi nimekaa nyuma ya mzani miaka ya kutosha, nauza vyakula rejareja, na msimamo wangu ni huu: bei ya kupangwa inaanza kumuumiza mwenye duka dogo, kisha inamfuata mteja wake mwenye kipato kidogo. Yule mkubwa aliyelengwa huwa anapona. Nisome mpaka mwisho, halafu ukitaka kunipinga nipinge kwa hoja.

BEI NI UJUMBE

Chukua nyanya. Mvua zikizidi, nyanya zinaoza shambani na tenga linapanda bei sokoni Dar. Hakuna mkuu wa mkoa anayempigia simu mkulima wa Ilula kumwambia alete nyanya. Bei yenyewe ndiyo inampigia simu. Dereva wa Fuso akisikia tenga limepanda, analala njiani ili awahi soko la alfajiri. Mkulima mwenye kisima anaamua msimu ujao amwagilie. Na mama ntilie naye anapunguza nyanya kwenye mchuzi, anaongeza karoti. Watu hawa hawajuani na hawajawahi kukaa kikao, lakini wote wamefanya kitu kilekile: wameutafutia dawa uhaba.

Sasa chukua rungu uipige ile bei. Sema tenga lisizidi kiasi fulani. Nyanya hazijaongezeka hata moja shambani, ila simu imekatwa. Dereva haoni sababu ya kulala njiani, mkulima haoni sababu ya kumwagilia, na mteja wa kwanza kufika sokoni anabeba matenga mawili badala ya moja kwa sababu bei ni nzuri. Ukichelewa, umekosa.

Bei kubwa inauma, sikatai. Lakini kuificha hakuondoi uhaba, kama kuficha kipimajoto kusivyoondoa homa.

HESABU YA MFUKO MMOJA

Tuache nadharia, tupige hesabu. Tuseme umenunua sukari ya jumla mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 140,000. Hiyo ni 2,800 kwa kilo. Bodaboda au guta 3,000. Vifungashio 1,000. Ukipima robo robo na nusu nusu, nusu kilo inapotelea kwenye mzani. Umebaki na kilo 49 na nusu, zilizokugharimu 144,000. Kila kilo imekusimamia karibu 2,910, na hapo hujaweka pango la fremu, umeme, wala chakula chako mchana.

Halafu linatoka tangazo: kilo isizidi 2,700.

Ukiuza mfuko wote kwa bei hiyo unapata 133,650. Umepoteza zaidi ya 10,000 kwa kila mfuko. Una njia tatu tu. Uuze kwa hasara mpaka mtaji ukatike. Uuze kwa bei yako na uishi kwa wasiwasi kila ukiona gari la halmashauri. Au uache kabisa kuuza sukari, uwaambie wateja "imeisha". Wengi wetu tunachagua ya tatu, na mteja anaondoka akituita walanguzi.

Mwenye ghala kubwa yeye ana njia ya nne. Anasubiri. Ana mtaji wa kukaa na mzigo wiki sita, ana mwanasheria, ana mtu wa kumpigia simu. Afisa biashara haanzii kwake. Anaanzia kwenye duka lako, kwa sababu lako liko barabarani na mlango uko wazi.

SUKARI YA 2016 NA YA 2024

Sisemi mambo ya kufikirika. Mwanzoni mwa 2016 Serikali ilibana uagizaji wa sukari kutoka nje ili kulinda viwanda vya ndani. Nia ilikuwa nzuri. Lakini viwanda vyetu wakati ule havikuwa vinatosheleza mahitaji ya nchi, na mvua za masika viwanda husimama. Sukari ikaadimika. Ikatangazwa bei elekezi ya shilingi 1,800 kwa kilo, na msako wa magahala ukaanza. Wewe uliyekuwepo unakumbuka: bei ya 1,800 ilikuwa kwenye redio, dukani ulikuwa unakuta 2,500 au hukuti kitu.

Miaka minane baadaye filamu ikarudiwa. Mwanzoni mwa 2024 mvua kubwa za El Nino zilivuruga mashamba na uzalishaji wa miwa. Januari ikatoka bei elekezi ya rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kutegemea eneo. Mtaani kilo ikafika 4,000, kwingine zaidi. Bei haikutii tangazo, kwa sababu miwa nayo haikulisikia.

Sasa angalia kitu ambacho watu hawakizungumzi sana. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, vibali vya kuagiza sukari ya kuziba pengo vilikuwa vinapewa wenye viwanda wenyewe. Mimi na wewe tusingeweza kuungana watu 200 wa Kariakoo tukaagiza meli. Kwa hiyo mtu akikwambia "ona, soko huria limetushinda, sukari imefika 4,000", muulize: soko huria lipi? Soko ambalo kuingia kwake ni kwa kibali, na kibali wanacho wachache, hilo ni soko la geti. Mlinzi wa geti ndiye anayeamua nani apate faida.

WAZEE WETU WALISHAJARIBU

Vijana wengi siku hizi wanaisifia Ujamaa kwa kuisikia tu. Ngoja nikumbushe ilivyokuwa kwa upande wa duka.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Ndani ya siku chache benki, kampuni kubwa za kuagiza na kusafirisha bidhaa, na viwanda vikubwa vya kusaga nafaka vikachukuliwa na dola. Biashara ya jumla ikaingia kwenye shirika la umma, baadaye ikagawanywa kwa kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kudhibiti bei, ikaundwa Tume ya Bei ya Taifa. Wataalamu wakawa wanakaa ofisini Dar kupanga bei za maelfu ya bidhaa kwa nchi nzima, kuanzia sabuni mpaka jembe.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika ya kijiji. Sehemu nyingi duka la mtu lilifungwa kabla duka la kijiji halijawa na hata kiberiti. Yule mwenye duka aliyekuwa anajua kwamba mwezi wa njaa watu wanataka chumvi ya kupima na mafuta ya taa ya kibaba, akaambiwa ni mnyonyaji. Usumbufu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba operesheni yenyewe ilisitishwa haikufika mbali. Lakini mazoea ya kumwona mwenye duka kama mwizi yalibaki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 rafu zilikuwa tupu. Mama yangu alikuwa msichana wakati huo. Anasema foleni ya sabuni ilipangwa kwa mawe: unaweka jiwe lako usiku, unarudi nyumbani, asubuhi unakuja kulisimamia. Anasema bei ilikuwa nafuu sana, tatizo ni kwamba ilikuwa bei ya kitu kisichokuwepo. Mwenye kukipata alikuwa yule anayemjua meneja wa duka. Hapo ndipo neno "ulanguzi" lilipokomaa, pamoja na "magendo", "kibali" na "mgawo".

Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ukaja msako dhidi ya wahujumu uchumi. Sokoine alikuwa mtu mwadilifu, na anaheshimika mpaka leo. Lakini hata uadilifu wake haukuweza kujaza rafu. Watu wengi walikamatwa, na simulizi za watu kutupa bidhaa usiku kwa hofu zipo mpaka leo. Hebu fikiria: nchi haina sabuni, na mtu anatupa sabuni.

KILICHORUDISHA BIDHAA

Nitende haki. Matatizo yote ya miaka ile hayakuletwa na sera ya biashara peke yake. Kulikuwa na vita ya Kagera, mafuta yalipanda bei duniani, ukame ulipiga, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977. Na Mwalimu Nyerere alituachia vitu ambavyo hakuna duka linaviuza: watu wa makabila zaidi ya 120 wanaoelewana kwa lugha moja, na watu wazima wengi waliojua kusoma. Mimi namheshimu, na sitaki mtu anibishie hapo.

Lakini vita na ukame haviwezi kueleza jambo moja. Katika bajeti ya 1984 Serikali ililegeza kamba. Ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana kazipata wapi, na bei za bidhaa nyingi zikaanza kuachiwa. Nchi ilikuwa ileile na viwanda vilevile vilivyochoka. Serikali haikuwa imepata utajiri mpya. Lakini bidhaa zikaanza kuonekana: sabuni, nguo, vitambaa, betri, vipuri. Mwaka uliofuata akaja Rais Ali Hassan Mwinyi, na wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa. Jina hilo lina somo kubwa kuliko vitabu vingi: tulichokuwa tunakosa, sehemu kubwa, ilikuwa ruksa.

Bei zilipanda, ndiyo. Wapo waliosema sasa vitu vipo lakini hela hamna, na hawakusema uongo. Lakini bei ya juu ya kitu kilichopo unaweza kupambana nayo. Utanunua robo, utapiga kibarua, utafungua genge. Bei ya chini ya kitu kisichokuwepo huna pa kuishika.

Na sisi wote, kuanzia machinga wa Kariakoo mpaka muuza mitumba wa Memorial kule Moshi, ni watoto wa ule mlango uliofunguliwa. Chini ya sheria na fikra za miaka ile, kazi yako ya leo ingeitwa uzururaji au ulanguzi.

BEI YA JUU YA KUPANGWA NAYO NI HIVYO HIVYO

Kuna mtu atasema: basi Serikali imsaidie mkulima, ipange bei ya juu. Tukumbuke korosho. Mwishoni mwa 2018 wanunuzi walitaka kununua kwa bei ambayo Rais Magufuli aliiona ni ndogo kwa mkulima. Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kubeba korosho. Mkulima alishangilia bei. Lakini wengi walisubiri malipo mpaka 2019, wakihakikiwa kwanza kama kweli wana mashamba au ni wa kangomba. Na kangomba ni nani? Mara nyingi ni mfanyabiashara mdogo wa kijijini aliyemkopesha mkulima hela ya ada na dawa wakati hakuna benki iliyomtazama. Wapo waliowapunja wakulima, ni kweli. Dawa ya kupunjwa ilikuwa kuongeza wanunuzi na wakopeshaji wa kushindana naye, siyo kumwinda.

NA WAGENI JE?

Hapa najua nitatukanwa, lakini nitasema. Julai 2025 ilitoka amri ya Serikali kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za rejareja na jumla, ufundi simu na saluni. Wengi mtandaoni walishangilia.

Mimi naelewa maumivu. Unalipa pango, kodi na leseni, halafu jirani yako anauza kwa bei ambayo wewe hata jumla huipati. Kama anakwepa kodi au anafanya kazi bila kibali halali, sheria imshike, kama inavyokushika wewe. Lakini kama kosa lake ni kuuza kwa bei nafuu tu, tunachoomba ni kwamba mama wa Mbagala anunue sufuria kwa bei ya juu ili sisi tupumue. Tuseme hivyo waziwazi mbele ya huyo mama.

Tena Watanzania wanauza bidhaa Zambia, Kongo, Kenya na Msumbiji. Siku kila nchi ikifunga mlango kwa jina la kulinda wazawa, ndugu yetu wa Tunduma atamuuzia nani?

Na jambo la mwisho hapo: mkono unaoweza kumfungia mshindani wako kwa tangazo, kesho unaweza kukufungia wewe kwa tangazo. Machinga waliohamishwa barabarani mwaka 2021 wanaelewa ninachosema.

KWA HIYO SERIKALI IKAE TU?

Hapana. Mimi siyo mtu wa kusema Serikali haina kazi. Ina kazi kubwa, na nyingi bado hazijakaa sawa:

• Mizani iwe ya kweli. Anayechezea kipimo ni mwizi, asihurumiwe.
• Bidhaa feki na chakula kibovu viondolewe.
• Barabara ya kijijini ipitike masika, maana nusu ya bei ya nyanya ni matope.
• Mahakama impe haki yake haraka aliyedhulumiwa mzigo, siyo baada ya miaka mitatu.
• Wakubwa wakikaa kikao wakapanga bei pamoja, washughulikiwe, kwa sababu hao nao wanakata ile simu.
• Kodi iwe moja, inayoeleweka, na tozo zisizaliwe kila mwezi.
• Mwenye shida kweli asaidiwe mkononi, kama kaya masikini zinavyopewa ruzuku. Usimsaidie kwa kumlazimisha muuza duka auze kwa hasara.

Kila kazi hapo inampa mtu mdogo nafasi ya kuingia sokoni na kushindana. Kupanga bei kunampa nafasi mwenye ghala na mwenye kujuana na watu.

SASA WEWE UFANYE NINI BEI IKICHAFUKA?

1. Panga bei kwa kuangalia mzigo unaofuata. Kama mfuko ulionunua jana kwa 140,000 leo ni 155,000, ukiuza kwa hesabu ya jana hutaweza kurudisha mfuko kamili. Huo siyo uroho, ni kulinda mtaji.

2. Mwambie mteja ukweli. "Mama, jumla imepanda, na mimi nimepandishiwa." Mwonyeshe risiti ukiweza. Mteja aliyeelezwa anarudi.

3. Pima vipimo vidogo. Aliyeshindwa kilo atachukua robo. Usimfukuze kwa kusema "nauza kilo tu".

4. Usijaze stoo kwa hofu. Ukinunua mifuko 20 kwa mkopo ukitegemea bei ipande zaidi, meli ikitia nanga utalia peke yako.

5. Tunza risiti zote za manunuzi. Likija tangazo la bei, karatasi ndiyo itakayokutetea kwamba umenunua ghali.

6. Kwenye vikao vya wafanyabiashara, badilisha ombi. Badala ya "wapangieni bei", sema "fungueni vibali, waagizaji waongezeke". Wauzaji wa jumla wakiwa watatu, wewe ndiye unawabembeleza. Wakiwa thelathini, wao ndio wanakupigia simu asubuhi kukuuliza unataka mifuko mingapi.

Soko halina huruma, hilo nalijua. Limenipiga mimi na limekupiga wewe. Lakini soko likikupiga leo, kesho unaruhusiwa kuamka, kubadilisha bidhaa, kubadilisha kona na kujaribu tena bila kuomba kibali kwa mtu. Ruhusa hiyo wazee wetu walikaa karibu miaka ishirini bila nayo. Tusiirudishe wenyewe kwa hasira za sukari.

Wewe unauza nini, na bei ya kupangwa ilishawahi kukugusa vipi? Andika hapa chini tujifunze. Mtumie na mwenzako mwenye duka, hasa yule anayependa kusema "Serikali ipange bei".